Gari la Mafuta ya Papa

Mume wangu Gharib si mtu wa kununua kitu kwa pupa. Samaki mmoja tu sokoni humchukua nusu ya asubuhi, akifunua mashavu, akinusa, akirudisha, mpaka wauzaji wakimwona kwa mbali wanageuza nyuso. Basi alipouza mashua aliyoachiwa na babake ili anunue gari, sikumzuia. Nilijua ameshalala na jambo hilo na kuamka nalo. Na sababu alikuwa nazo. Tangu boti za kasi zishike kazi ya kuvusha watu baina ya kisiwa chetu cha Amu na Mokowe ya bara, mashua yake ilikuwa ikipakia mawe na makuti tu, na huko bara barabara ya Witu ilikuwa imeshatiwa lami. Abiria wanaoshuka gatini Mokowe wakitafuta gari la Malindi walikuwa tele.

"Bahari imejaa, Swafiya," aliniambia. "Riziki ya yeo iko nti kavu."

Mashua ilichukuliwa na mtu wa Kiwayu, ikaenda zake kaskazini, hatukuiona tena. Gharib akapanda basi hadi Mombasa, akarudi na gari jipya la abiria, jeupe, viti bado vimevikwa plastiki. Mtumba hakuutaka kabisa. Alisema gari kuukuu huja na maradhi ya mwenyewe wa kwanza, nawe ukaachiwa kuyauguza. Hili lilikuja na waranti: likiharibika katika miaka mitatu ya mwanzo, kampuni iliyomuuzia italitengeneza bure. Kwetu kisiwani gari halina pa kulala, kwa hivyo alilikodia uwanja Mokowe nyuma ya duka moja, akawa kila alfajiri anavuka kwenda kulichukua. Alikuwa akitoka nyumbani amejipaka udi kama bwana arusi.

Mwezi wa pili likafa. Lilikuwa njiani kuelekea Witu, limejaa watu, giaboksi ikanguruma, ikashika gia ya pili, isiiachie. Abiria walidai nauli zao, wakapanda gari jingine, na Gharib akabaki kando ya barabara kulilinda hadi lilipopatikana lori la kulikokota mpaka Mombasa. Gereji ya kampuni ikamwambia asiwe na wasiwasi, waranti ipo, ila spea inatoka ng'ambo. Simu zetu zilipokelewa na binti mmoja wa huduma kwa wateja, jina lake Valary, ana sauti tamu kama kashata. Kila tukimpigia alitushukuru kwa subira yetu. Subira huvuta heri, ndivyo tulivyofunzwa. Yetu ilivuta kutu. Ramadhani ikaingia, ikatoka, Idi tukaila kwa mkopo, na gari bado liko juu ya magogo huko gereji.

Liliporudi ndipo Gharib alipofanya lile jambo lililotuletea balaa.

Lazima nieleze, maana mtu wa bara hatalielewa. Gharib amezaliwa Matondoni, na Matondoni watu huunda vyombo vya bahari. Huko hakuna chombo kinachoteremshwa majini kabla hakijapakwa sifa, mafuta yanayoyeyushwa kutoka maini ya papa. Yananuka hadi machozi yakutoke, lakini mbao zikishayanywa, chumvi haiziwezi. Babake alimfundisha kwamba chombo unachokipenda hukilisha kabla hakijakuomba. Sasa gari lilikuwa likilala Mokowe, pale pepo za baharini zinapotafuna hata bawaba za milango. Basi Gharib akalala chali chini yake na kitambaa mkononi, akalipaka tumbo zima, mabomba, nyaya, kila kilichofikiwa na mkono, kama alivyokuwa akiipaka mashua. Alirudi nyumbani ananuka kupita kiasi, na anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu gari liharibike.

"Sasa imeshiba," akasema.

Mimi ni mtoto wa mjini Amu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Abiria hawakucheka. Injini ilipopata moto, harufu ilipanda ndani ya gari, na wanawake wakaziba pua kwa buibui zao hadi Malindi. Paka wa Mokowe wote wakahamia uwanja ule. Makanga wa gatini wakalipa gari jina, wakawa wanaita watu: "Papa wa Malindi huyo, ingieni, harufu ni bure." Gharib aliyachukulia kama utani, na baada ya siku chache harufu ikapungua. Abiria wakarudi.

Kisha likafa tena. Giaboksi ile ile, mngurumo ule ule, gia ile ile. Safari hii mafundi wa kampuni walilinyanyua juu, wakayaona mafuta, wakayapiga picha. Tukaletewa ujumbe kwamba mteja amelipaka gari kitu kisichoidhinishwa, kwamba kampuni inachunguza kama waranti ingali hai, na kwamba fidia tuliyokuwa tumeomba kwa miezi yote gari lilipokaa gereji haiwezi kuzingatiwa. Valary akapiga simu kuthibitisha. Gharib alikuwa amefungua spika, nami niko kando yake.

"Ni kweli ulipaka kitu, Mzee?"

"Nalipaka."

"Kitu gani?"

"Mafuta ya papa."

Nyuma ya Valary mtu akaangua kicheko, wa pili akadakia, na simu ikakatika.

Kicheko kile ndicho kilichomvunja mume wangu. Mambo hayo yalipofika mjini, na mjini kwetu hakuna jambo lisilofika, watu nao wakapata la kusema. Ndugu yake Abubakr, ambaye hana baya ila ulimi, alisema mbele ya watu barazani kwamba Gharib meliua gari kwa mapenzi. Lilikuwa neno la mzaha. Gharib alicheka nao, akarudi nyumbani, na barazani hakwenda tena. Msikitini akawa anaenda kwa vichochoro vya nyuma na kurudi mbio kabla watu hawajaanza kusalimiana. Sokoni nikawa naenda mimi, narudi na samaki yeyote, naye anakula bila kuuliza. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimekaa nyumba moja na mtu ambaye macho yake mazima.

Swali lake lilikuwa moja. "Mafuta yale hupenya, Swafiya? Yaweza kuingia giaboksi?"

"Giaboksi iliharibika kabla hujapaka kitu."

"Mara ya kwanza kilikuwa kitu kidogo, wakakitengeza. Ya pili ni mimi."

Nilimjibu kwa upole, nikamjibu kwa ukali, nikamjibu kwa kugonga sufuria. Haikufaa. Maneno ya mke hayahesabiwi. Mke hukutetea hata ukiwa umechoma mji. Nikaona kwamba hakuna wa kumrudisha mume wangu isipokuwa wale wale waliomcheka. Fidia niliitaka, tena sana, kwa maana tulikuwa tumeshakonda. Lakini nililolitaka zaidi lilikuwa mtu wa kampuni akae mbele ya Gharib, amtazame usoni, amwambie: gari lilikuwa bovu tangu kiwandani, mkono wako hauna kosa. Nilijiapiza kwamba neno hilo nitalitoa kwao hata kwa koleo.

Nikaenda Mombasa peke yangu. Pale gereji waliniweka kwenye benchi la wanaosubiri, na kwenye benchi hilo nikamkuta mwanamke wa kutoka Voi, anaitwa Keziah, mchuuzi wa vitunguu, mpana, hana haya ya kusema kwa sauti. Alikuwa na gari kama letu, rangi moja, mwaka mmoja.

"Yako inanguruma kwanza?" akaniuliza. "Halafu inashika gia ya pili na haiachi?"

Nikamuuliza kama amelipaka chochote. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Nipake nini? Hata kuosha naoshewa na watu wa stendi."

Akanionyesha simu yake. Walikuwa na kikundi, wenye magari ya aina ile, wa Nakuru, wa Eldoret, wa wapi na wapi, na wote walia kilio kimoja. Nilizisikiliza sauti zao pale pale benchini, wanaume wa bara ambao papa hawajamwona hata kwenye picha, wakieleza ule mngurumo mmoja baada ya mwingine. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Keziah akanitia kikundini, akanirushia sauti zote, nasi tukakubaliana tuungane, tuwaandikie kampuni kwa pamoja kwamba wasipotulipa tutakutana mahakamani.

Gharib sikumwambia. Hapo mtaniuliza kwa nini, na jibu langu ni kwamba niliyaweka kama mtu anavyoweka halua ya Idi. Nilitaka ayasikie kwa wenyewe, kwa vinywa vyao, chumbani mwao, nami niko pale namtazama uso unavyofunguka. Nilikwisha kuuona uso huo katika fikira zangu mara nyingi.

Barua yetu iliwachoma. Hazikupita siku nyingi wakatuita Mombasa. Gharib hakutaka kwenda, nikamwambia gari ni lake kwa jina lake na hakuna wa kutia sahihi badala yake. Akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kazi ya mkono. Ndani ya basi alikaa dirishani, na tangu Mokowe hadi Malindi, vizuizi vyote vile vya polisi, hakusema ila "Alhamdulillahi" alipopiga chafya.

Meneja aliitwa Murithi, mtu wa makamo, mstaarabu, ofisi yake baridi kama jokofu. Valary alikuwa amekaa pembeni. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na alipomwona Gharib aliinamisha kichwa. Nikajua alikumbuka.

Murithi hakupoteza wakati. Kampuni ingetia giaboksi mpya kabisa, ingeongeza muda wa waranti, na ingelipa fidia kwa miezi yote gari lilipokuwa mikononi mwao. Ilikuwa zaidi ya tulivyoomba. Akasukuma karatasi ya makubaliano mezani. Nikaisoma kwa sauti, na katikati yake nikakikuta kifungu kisemacho kwamba mteja alilipaka gari kitu kisichoidhinishwa kilichoweza kuleta hitilafu, na kwamba malipo haya yanatolewa kwa hisani tu.

"Hiki sicho," nikasema.

"Hiyo ni lugha ya mawakili, Mama. Pesa ni ile ile."

Nikaweka simu juu ya meza, nikaachia sauti. Keziah. Yule wa Nakuru. Yule wa Eldoret aliyekuwa akilia kwa kweli. Nilizipiga moja baada ya nyingine, na baridi ile yote ikawa haitoshi kumkausha Murithi jasho.

"Na hawa," nikamuuliza, "nao walipaka mafuta ya papa?"

Murithi aliinuka, akaenda kufunga mlango, akarudi kukaa. Kwa muda alisugua paji la uso wake.

"Mama, nitawaambia ukweli, na mkitoka hapa sikuusema. Hizo giaboksi zilikuja mbaya, shehena yote. Tuliambiwa tukiwa tumeshauza. Hayo mafuta hayakufanya kitu." Akamgeukia Gharib. "Mzee, pole sana. Si wewe. Hiyo gari ilikuwa imekufa tangu inatolewa kwa meli."

Akachukua kalamu, akakikata kifungu kile kwa mstari mmoja mnene.

Neno nililolitafuta lilikuwa limesemwa, tena lote, tena zaidi. Nikageuka nimtazame mume wangu.

Uso haukufunguka. Alikuwa akitazama ile karatasi, midomo imemkauka.

"Umekata nini?" akauliza.

"Ile ya mafuta, Mzee. Haiko tena."

"Irudishe."

Murithi akanitazama mimi. Nikamwambia Gharib, "Bwana, hukusikia alivyosema?"

"Nimesikia. Nina masikio." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira. "Iandike kama ilivyokuwa. Nalipaka mimi."

"Mzee, sisi tunakusaidia," akasema Murithi. "Ukitia sahihi hiyo, ni kama umekubali kosa."

"Na nalikubali." Akaiweka mikono yake miwili mezani, mikono mikubwa ya kamba na makasia, na tangu kile kicheko cha simu, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akisema maneno mengi. "Bwana Murithi, nalikuya hapa na pesa za chombo cha baba. Alikiunda mwenyewe, mimi n'kiwa mtoto, n'kimshikia misumari. Gari hiyo naliizunguka pande zote. Nalifunga mato n'kasikiza mashini yake, kama nisikizavyo mai ya bahari tini ya ubao. N'kasema, hii nzima. Sasa wewe waniambia siku hiyo ilikuwa imekufa."

Murithi akaiweka kalamu chini.

"Mtu wa chombo aweza kukosea dawa," akaendelea. "Hata baba alikosea. Lakini asoyua kilicho hai na kilichokufa, huyo hakuwa mtu wa chombo hata siku moya. Kheri mui mzima wa Amu useme Gharib meua gari, kuliko useme Gharib meuza chombo cha babake, menunua maiti."

Valary alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilitaka kumshika mabega nimtikise mpaka kofia ianguke. Miezi yote ile nimegombana na simu, nimelala kwenye mabasi, nimeokota ushahidi kwa watu nisiowajua, na tunda lenyewe ananitemea. Kisha nikamtazama vizuri, na hasira ikanitoka, ikaingia hofu. Nikaona kwamba mafuta yale ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimembakia. Alikuwa mtu aliyelipenda gari lake akalikosea, na hilo lilimuumiza, lakini aliweza kuishi nalo. Mimi ndiye niliyevuka maji na nchi kavu kuja kumpokonya. Na sasa neno ameshalisikia, halifutiki tena masikioni mwake.

"Rudisha," nikamwambia Murithi.

Murithi alipiga chapa karatasi nyingine. Gharib akatia sahihi polepole, herufi zote za jina lake na la babake, nami nikatia yangu chini kama shahidi.

Keziah nilimpigia jioni ile ile, kwa kuwa sikuona haki kumficha. Akasema, "Kwa hivyo sasa wako na karatasi ya mteja anayesema ni yeye aliharibu. Watatuonyesha hiyo sote, dada." Nikamwomba msamaha. Hakunitukana. Aliaga kwa adabu, na tangu hapo nikimpigia hapokei. Nikamwomba yule wa Nakuru anifikishie salamu, naye akaniondoa kwenye kikundi.

Gari sasa linakwenda. Giaboksi mpya haina kasoro, lakini Gharib haliamini. Haruhusu redio. Kila akibadili gia huinamisha kichwa kidogo na kuzuia pumzi, na likishakubali ndipo anapopumua. Nyumbani anakula, anajibu, anakwenda barazani baadhi ya siku. Samaki bado nanunua mimi. Nilimwomba aende sokoni yeye, ndiye ajuaye kuchagua, akaniambia macho yangu yanatosha.

Wiki iliyopita nilivuka naye kwenda Malindi kumtazama binti yetu Shifaa aliyejifungua. Nilikaa kiti cha mbele. Nyuma alipanda mwalimu mmoja kijana, Kipchumba, aliyehamishiwa shule ya Hindi, karibu na Mokowe, hivi karibuni, mchangamfu, anapenda kuzungumza na kila mtu. Tulipokuwa bado tumesimama Mokowe tukingoja abiria wa mwisho, akaegemea mbele.

"Mzee, makanga wananiambia hii ndiyo ile gari ya Papa. Ni ukweli uliipaka mafuta ya samaki mpaka ikaharibika?"

Watu wakaanza kuchekea mikononi. Gharib hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu ya gia.

"Kweli," akasema. "Naliiharibu mwenyewe."

Halafu akanitazama mimi. Hakuniomba kitu, alinitazama tu, na nikajua anangoja kuona kama mkewe atamwacha peke yake na neno hilo.

"Tena nilimkanya," nikamwambia yule mwalimu, na sikuwa nimemkanya hata siku moja. "Nilimwambia, bwana, mafuta haya yataua gari. Lilikuwa zima kabisa, jipya, hujapata kuona gari zuri kama lile. Akakataa kunisikia."

Gari zima likacheka. Gharib naye akacheka kidogo, akawasha injini, tukaondoka.